Jedwali la Makuzi na Mtoto Asiyeitika

Ninyi mtakaoketi kesho kwenye meza ndefu za chumba cha vitabu vya rejea, mtihani wa saikolojia ya jamii ukiwa mbele yenu na kitabu kizito mkononi, nina neno nanyi, na sitalipamba. Nimestaafu kwa hiari, nikiwa bado na meno yangu yote na macho yanayosoma tanbihi bila miwani. Miaka yangu ya kazi niliitumia katika chumba kimoja cha chuo kimoja cha ualimu hapa Tanga, nikilinda vitabu ambavyo wengi wenu huvifungua kama mtu afunguaye sufuria katika jiko la watu: huchungulia, hudokoa nyama, hufunika, huondoka.

Vitabu vya saikolojia ya jamii na makuzi ya binadamu vina hatari yake. Mhandisi akisoma vibaya kitabu cha mihimili, daraja huanguka na kila mtu humwona. Mwalimu akisoma vibaya kitabu cha makuzi, anayeanguka ni mtoto, tena huanguka kimya, na mwalimu huenda akapandishwa cheo kwa ripoti nzuri. Kwa sababu hiyo nilikuwa mkali, na sioni haja ya kuomba radhi kwa ukali ule.

Aliyenifunza kazi ni Bi Zuwena, mwanamke wa Chumbageni, wa ukoo wa Kiomani uliokuwa na minazi mingi na maneno machache. Mimi ni binti wa mkata mkonge aliyekuja kutoka bara na rozari mfukoni. Siku yangu ya kwanza alinipa ensaiklopidia ya elimu-nafsi, yaani saikolojia, nzito kama jiwe la kusagia, akaniuliza, "Kitabu hiki kinaanzia wapi?"

Nikafungua kwenye neno la kwanza la herufi A.

"Hapo ni sebuleni," akasema. "Umeingiaje bila kupiga hodi? Toka, urudi mlangoni."

Mlangoni, kwa Bi Zuwena, ni kurasa zile ambazo ninyi huziruka kwa kidole gumba. Ni jina la mwandishi na kazi aliyokuwa akiifanya. Ni toleo, maana toleo la zamani humwita mtu kwa istilahi ambayo leo ni tusi. Na zaidi ya yote ni utangulizi, ambamo mwandishi mwenye insafu huungama ni watu gani aliowachunguza, wa mji gani, matajiri au maskini, wazima au wagonjwa, waliokubali au waliolipwa. Baada ya hapo ndipo unaruhusiwa kwenda nyuma kwenye fahirisi. Na huko nako msitafute neno moja mkakata tamaa. Anayetafuta "utii" asipolipata atafute "mamlaka", atafute "mzazi", atafute "adhabu". Waandishi huficha utii katika vyumba vingi, na ukivipitia vyote utajua wanauonaje.

Alikuwa na mzaha mkavu, Bi Zuwena. Aliwahi kuingia bwana mmoja mfanyabiashara, jamaa yake kwa upande wa mama, kanzu imenyooka, akasimama katikati ya chumba kama anayeagiza mbao.

"Zuwena, nataka kitabu cha kumfanya mtoto atii. Binti yangu amekuwa mbishi."

"Kipo," Bi Zuwena akajibu bila kuinua kichwa. "Lakini sura ya kwanza inamhusu baba."

"Basi nipe sura ya pili."

"Ya pili ni marudio ya ile ya kwanza, kwa akina baba wasiosikia."

Wanachuo walicheka hadi nikalazimika kugonga meza. Hata hivyo yule bwana aliketi, akasoma mpaka adhuhuri. Hakukiazima, maana kitabu cha rejea hakiazimwi. Mtu akikwambia kinaazimwa, huyo si mkutubi.

Mbinu zilibadilika mikononi mwangu. Nilipoanza, wezi wa elimu walikuwa na jasho: mtu alificha kitabu cha makuzi nyuma ya vile vya ufugaji nyuki ili wenzake wasikipate kabla ya mtihani, na mimi kila jioni niliwapekua nyuki. Kisha zikaja mashine za kopi, sura moja moja zikaanza kutembea mjini bila majalada yake. Sasa ni simu. Mwanachuo mmoja hupiga picha ukurasa mmoja, hutuma kwenye kundi, na kabla ya sala ya alasiri ukurasa huo umefika Korogwe na Pangani, hauna jina la kitabu, hauna mwaka, hauna utangulizi. Ni kama mtu aliyeokotwa njiani akiwa hajui kwao. Na ninyi mnampa kiti cha hakimu.

Walinipa jina, Mama Utangulizi. Walidhani sikulijua.

Mwaka wangu wa mwisho kazini alikuja Elibariki. Alikuwa mwanachuo wa mwaka wa pili, Mlutheri kutoka milimani Lushoto, mrefu, mwenye heshima na haraka kwa pamoja. Chuo kilikuwa kimempeleka Maramba kwa mazoezi ya kufundisha, katika darasa la awali la shule moja ya huko. Aliingia siku ya Ijumaa, vumbi jekundu bado liko viatuni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kofia."

Akaivua. "Nahitaji jina la kitabu tu, Mama. Ukurasa ninao."

Akanionyesha simu. Lilikuwa jedwali la hatua za makuzi: upande mmoja umri wa mtoto, upande wa pili mambo anayotazamiwa kuyaweza. Nililijua jedwali lile, maana kitabu chake kilikuwa rafu ya tatu dirishani.

"Umelitoa wapi?"

"Kwenye kundi la darasa letu. Kila mtu analo."

"Na kila mtu hana kitabu."

Akacheka. "Mama Utangulizi, leo nihurumie." Alipotambua alichokisema akashika mdomo, lakini nilimwashiria aendelee. "Ripoti yangu inatakiwa Jumatatu. Nimebakiza marejeo."

"Ripoti ya nani?"

Ndipo akaniambia. Katika darasa lake alikuwamo mtoto anayeitwa Mbaruku, mvulana mdogo, safi, asiyesumbua mtu. Kila asubuhi wakati wa mahudhurio, jina lake likiitwa, haitiki. Masikio hayana kasoro, maana kengele ikilia huwa wa kwanza kutoka. Ukimsogelea na kumwuliza jina lake, hunyamaza. Ukimwita tena, hutazama mlangoni. Elibariki alikuwa amelishika jedwali: mtoto wa umri ule hapaswi tu kuitika jina lake, bali kumtajia mgeni jina hilo akiulizwa. Mbaruku alikuwa nyuma, kwa mujibu wa jedwali, kiasi cha kutisha. Ripoti ilipendekeza atolewe katika darasa lile, apelekwe kwenye kitengo maalumu cha bweni, mji wa mbali. Mwalimu mkuu alikubali. Mkufunzi wa Elibariki alikuwa ameisoma rasimu na kuisifu.

Nieleweke hapa. Kitengo kile ni neema kwa mtoto anayekihitaji. Kwa asiyekihitaji, ni kumng'oa kwao angali mdogo.

"Wazazi wanasemaje?" nikauliza.

"Baba yuko safarini kikazi. Mama..." Akashusha sauti. "Mama naye, kusema kweli, ana shida hiyohiyo. Nilimwuliza mbele ya mwalimu mkuu, 'Mwanao anaitwa nani?' Akatazama chini, akacheka kidogo, akasema, 'Aulizwe bibi yake.' Mama mzazi, hajui jina la mwanawe! Nimeandika kwamba huenda hali hiyo ni ya kurithi."

Sikumfokea. Nilisimama, nikakishusha kitabu, nikakiweka mbele yake kikiwa kimefungwa.

"Piga hodi," nikamwambia.

Alikijua chumba changu, hakubisha. Akasoma utangulizi kwa sauti ya chini, na kila alipotaka kuruka niligonga meza kwa kalamu. Mwandishi alikuwa mtu wa haki. Alisema watoto wake walikuwa wa mji mmoja wa ng'ambo, wa nyumba zenye wazazi wawili na mtoto mmoja au wawili, waliozoea kuhojiwa na wageni. Alisema jedwali ni dira tu, na haifai kumhukumu mtoto kwa kipengele kimoja. Kisha nikamwambia afungue ukurasa wa jedwali lenyewe na alinganishe na picha ya simuni.

Akaiweka simu juu ya ukurasa. Picha ilikuwa imekatwa chini. Kitabuni, chini ya jedwali, ulikuwapo mstari wa maandishi madogo kuhusu kipengele cha jina: mpimaji atumie jina ambalo mtoto huitwa nyumbani.

"Nyumbani huitwaje?" nikauliza.

"Sijui, Mama."

"Kwa nini mama yake hakulitaja jina?"

"Sijui."

"Kwa nini hutazama mlangoni?"

"Nimeandika ni kukosa umakini." Akajifuta uso. "Lakini Mama, nikiibadilisha sasa, mazoezi yanakwisha. Mkufunzi ameshaisifu. Nitarudia muhula mzima. Kwetu wanangoja nianze kazi."

"Na mtoto kwao wanangoja nini?"

Akayatazama tena yale maandishi madogo. Mimi mwenyewe sikuwa na jibu la fumbo lile, na sikujidai kuwa nalo. Kitabu hakikuwa nalo pia. Kitabu kizuri cha rejea hufika mahali kikakwambia kwamba kuanzia hapa nenda kaulize. Bi Zuwena alikuwa na usemi wake wa kutufukuzia nje tulipoganda mezani: kitabu cha rejea hakitoki, wewe ndiye utoke.

"Nisindikize, Mama," Elibariki akasema mwishowe. "Wale nimekwisha kuwaudhi. Nikienda peke yangu wataninyamazia."

Nikaomba ruhusa ya siku moja. Jumatatu asubuhi tulikuwa Maramba, kabla ya kengele ya shule, mbele ya nyumba ya kina Mbaruku. Barazani bibi mmoja alikuwa akimenya mihogo. Mkwewe, mama wa mtoto, alikuwa akifagia. Mama alipomwona Elibariki aliacha ufagio, akasimama wima kama mtu aliyeitwa mbele ya hakimu.

Tukaamkiana, tukakaribishwa. Kisha bibi akageuza shingo kuelekea nyuma ya nyumba, akapaza sauti, "Mume wangu! We mume wangu! Njoo uwaamkie wageni!"

Nilitazamia mzee. Akatokea mvulana mbio, amelowa hadi magotini, akasimama, akatuinamia. "Shikamooni."

Elibariki alibaki na kinywa wazi. Mtoto aliyemwandika kuwa haitiki alikuwa ameitika kutoka kisimani.

"Umemwitaje, bibi?" akauliza.

"Mume wangu. Kwani si ndiye? Ana jina la mume wangu. Yule wa zamani amechakaa, nimeletewa mpya."

Ndani ya nyumba mtu akakohoa. "Nimesikia," sauti ya kiume ikasema.

"Usikie," bibi akajibu, akaendelea kumenya.

"Na mama yake humwitaje?"

"Baba. Amwiteje? Jina ni la mkwewe huyo anayekohoa. Unataka alishike jina la mkwewe kinywani, aseme, fulani acha kulia, fulani njoo nikuoshe? Mwanamke aliyelelewa? Na wewe, mwalimu, ulikwenda kumwuliza hadharani!" Akatikisa kisu, si kwa hasira. "Alirudi hapa anatetemeka. Nikamwambia, mwalimu ni mtoto wa watu, hajui."

"Babu yake je?"

"Mwenzangu. Huitana mwenzangu, kutwa kucha, utadhani wamestaafu pamoja."

Sikuwa nimewahi kuketi katika nyumba yenye mwiko wa majina mkali namna ile, mimi ambaye wazazi wangu waliacha desturi za kwao nyuma na kuishi katika kambi za mkonge ambamo kila mtu aliitwa kwa jina la kwenye orodha ya kazi. Niliusikiliza kama ninyi mnavyonisikiliza.

Elibariki alichuchumaa mbele ya mtoto. Hilo ni jambo ambalo hakuna kitabu kilichomwagiza.

"Mbaruku ni nani?"

"Ni babu."

"Na wewe?"

"Mimi si babu," mtoto akasema, akishangaa.

"Shuleni nikiita Mbaruku, mbona huitiki?"

"Namngoja babu aje." Akafikiri kidogo. "Kila siku unamwita, na yeye haji."

Hapo ndipo Elibariki alipouelewa ule mlango. Niliuona uso wake ukibadilika, na sitaki kuusimulia, maana ni wake.

Mama wa mtoto alizungumza kwa mara ya kwanza, akiwa ameegemea nguzo. "Mwalimu, nguo zake nimekwisha kuzifua. Walisema anakwenda mbali, nikaona asiende na nguo chafu."

"Ulikubali?" nikamwuliza. Sikuweza kujizuia.

"Walisema imeandikwa kitabuni, dada. Nikadhani kitabu kimeona kitu ambacho sisi hatukioni."

Kijana unayesoma haya, rudia maneno ya mama huyo. Alikuwa tayari kumtoa mwanawe kwa sababu ya heshima aliyokuwa nayo kwa kitabu, na kitabu chenyewe hakikuwahi kusema hivyo. Kilichosema ni picha iliyokatwa, mikononi mwa kijana mwema mwenye haraka. Wema hautoshi. Nimewaona wema wengi wakiharibu kwa moyo safi kabisa. Anayeshika elimu ya watu ana wajibu wa kuisoma yote, na asipokuwa na nafasi ya kuisoma yote, basi anyamaze. Hili sitalilegeza kwa ajili ya mtu yeyote.

Yule aliyekuwa akikohoa akatoka. Mzee Mbaruku alikuwa mfupi, mkavu, kofia yake imekaa sawasawa. Alikuwa amesikia yote.

"Jina ni langu," akasema. "Nitakwenda kulikabidhi mwenyewe."

Tukaongozana hadi shuleni. Mzee alisimama mlangoni pa darasa, watoto wakanyanyuka kumwamkia, naye akamwita mjukuu wake mbele yake.

"Mwenzangu, jina hili tunalo wawili. Nyumbani nitaitika mimi. Hapa uitike wewe. Mwalimu akiliita, haniiti mimi, mimi shule nilikwisha kumaliza. Umesikia?"

"Nimesikia. Na ukija hapa?"

Mzee akalipima swali. "Nikija nitanyamaza."

Elibariki akaanza mahudhurio. Alipofika kwenye jina lile, akaita, "Mbaruku."

Mtoto akamtazama babu yake. Mzee aligeuza uso kwa makusudi, akaukodolea macho mlingoti wa bendera kana kwamba hajawahi kuona mlingoti.

"Nipo, mwalimu!" Ilikuwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Darasa zima likacheka, naye akacheka nao. Nje, mama yake alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga, kama kwamba yeye ndiye aliyelitamka jina.

Mwalimu mkuu alikuwa amesogea, karatasi mkononi. "Elibariki, vizuri, umefika. Ile ripoti. Ofisa elimu wa kata anaingoja."

"Si ya kweli, mwalimu. Naomba niandike nyingine."

"Si mkufunzi wako aliisifu?"

"Aliisifu kabla mimi sijafika nyumbani kwa mtoto."

"Utarudia mazoezi, unajua?"

"Najua."

"Muhula mzima?"

"Nitarudia."

Na alirudia, katika darasa lilelile. Aliandika ripoti mpya, ndefu kuliko ile, na kabla ya mapendekezo aliweka kurasa za mlangoni: nani alimwuliza mtoto, wapi, kwa jina gani, na mambo ambayo hakuyajua. Mkufunzi wake aliirudisha mara ya kwanza, akisema utangulizi umezidi. Elibariki aliipeleka tena bila kupunguza neno. Nguo za mtoto zilirudishwa sandukuni pale Maramba, na mtoto akabaki dawati la mbele, alikojihamishia mwenyewe.

Sikusubiri hayo siku ile. Nilikuwa na chumba cha kufungua kesho yake, na vijana wengine wenye kurasa zao moja moja. Wakati wa mapumziko tulikuwa tunaagana uwanjani, Mbaruku akamjia Elibariki, akamvuta ukosi wa shati ili ainame.

"Mwalimu, na wewe jina lako ni la babu yako?"

"Hapana," Elibariki akasema. "Mchungaji ndiye aliyenichagulia."

Mtoto akamtazama kwa muda, kwa huruma ya mtu mzima.

"Pole, mwalimu," akasema, akarudi kucheza.